Sauti Iliyofasiriwa na Muziki Uliobadilishwa katika Katuni za Kijapani

Popote zitazamwapo kwa Kiingereza filamu za katuni za Kijapani, ziitwazo anime, pana ubishi wa siku nyingi baina ya wapenzi wake. Wengine husema kwamba yafaa kuzisikiliza kwa Kijapani tu, na kusoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Wengine husema kwamba sauti za Kiingereza zilizotiwa badala ya zile za kwanza zatosha, na pengine zapendeza zaidi. Tena ubishi huo huingia katika muziki, kwa maana mara nyingi waliofasiri maneno waliondoa na muziki pia, wakaweka mwingine wa kwao. Mambo haya si ya watoto peke yao. Ndani yake limo swali limpasalo kila mfasiri: katika kazi ya mtu mwingine, ni kitu gani nilichopewa ruhusa kukigeuza, na ni kitu gani ambacho nikikigeuza nimekwisha kutunga kazi yangu mwenyewe? Nami naona ya kuwa wabishi wengi wamepotea njia kwa kuyafunga mambo mawili katika mzigo mmoja.

Tuanze na sauti. Wapendao Kijapani husema kwamba sauti ya kwanza ilizaliwa pamoja na picha. Lakini desturi ya Wajapani wenyewe ni kutengeneza picha kwanza. Kisha waigizaji husimama mbele ya picha zipitazo, wakatia maneno katika vinywa vilivyochorwa. Basi hata Mjapani hutia sauti yake katika kinywa kisicho chake. Kazi ya Mwingereza au ya Mmarekani ni hiyo hiyo, ila ni ngumu zaidi. Kwa kuwa Kijapani huweka kitenzi mwisho wa sentensi, na Kiingereza hukiweka mapema, naye mfasiri sharti maneno yake yaanze na kukoma pamoja na midomo ya mchoro. Akifanya vema, hana hatia yo yote.

Hukumu ya masikio nayo hufuata mazoea. Katika Dragon Ball Z, iliyoonyeshwa Japani kuanzia mwaka 1989 hata 1996, shujaa Goku husema kwa sauti ya mwanamke, Masako Nozawa, ambaye alikwisha kuwa sauti yake tangu Goku alipokuwa mtoto katika hadithi iliyotangulia. Mjapani husikia mtoto yule yule aliyekua. Mmarekani aliyezoea sauti nzito ya Sean Schemmel hushangaa, akadhani Wajapani wamekosea. Hakuna aliyekosea, kila mmoja asikia alichozoezwa.

Hata hivyo sauti ina mpaka wake. Mwaka 1989 Hayao Miyazaki alitoa filamu ijulikanayo kwa Kiingereza kama Kiki's Delivery Service, habari za msichana mchawi wa miaka 13 aendaye kukaa katika mji mgeni pamoja na paka wake mweusi, Jiji. Paka husema naye kama rafiki. Lakini msichana anapopoteza uwezo wake wa kuruka, paka naye hasemi tena, ila hulia kama paka wengine. Mwisho uwezo wa kuruka hurudi, bali maneno ya paka hayarudi. Hapo ndipo ilipo maana ya hadithi: msichana amekua, na rafiki wa utoto hahitajiwi tena kumjibu. Katika sauti za Kiingereza zilizotolewa na Disney mwaka 1998, paka alitiwa mizaha mingi isiyokuwamo, na mwisho akatiwa maneno tena. Ni maneno machache sana, lakini yaligeuza hadithi ya kukua kuwa hadithi ya kurudishiwa kitu kilichopotea. Kosa hili si la kufasiri. Ni la kuongeza pasipokuwa na neno la kufasiriwa. Filamu ilipotolewa tena mwaka 2010, mengi ya maongezo hayo yaliondolewa.

Sasa twende kwenye muziki. Maneno ya Kijapani hayana budi kufasiriwa, kwa sababu asiyekijua hawezi kuyafahamu. Lakini je, ni nani aliyeshindwa kufahamu filimbi au vinanda kwa kuwa mtunzi ni Mjapani? Katika filamu hiyo ya Kiki, muziki wa Joe Hisaishi uliongezewa mwingine wa Paul Chihara, mahali ambapo Miyazaki alikuwa ameacha kimya. Watengenezaji waliogopa kwamba Mmarekani atachoka asiposikia kitu. Lakini kimya kile kilikuwa ni kazi ya mtunzi kama ulivyo muziki wenyewe. Kilimwachia mtazamaji nafasi ya kuona kwa macho yake upweke wa msichana katika mji asiojulikana. Wahenga walisema, Mwenye macho haambiwi tazama. Muziki uliotiwa hapo humwambia atazame, tena humwambia na la kuhisi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Macross, iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 1982. Humo majitu ya vita, yasiyojua wimbo wala mchezo, hushindwa nguvu kwa kusikia msichana Minmay akiimba. Wimbo hapa si pambo. Ndio silaha yenyewe. Mwaka 1985 hadithi hiyo iliunganishwa na nyingine mbili zisizo na udugu nayo, ikawa Robotech, yenye sehemu 85. Kwa kuwa televisheni za Marekani zilitaka hadithi ndefu ya kuonyeshwa kila siku ya kazi. Nyimbo za Mari Iijima ziliondolewa, zikatungwa nyingine za Kiingereza. Mtazamaji aliambiwa kwamba jeshi zima limeduwaa kwa wimbo, lakini wimbo uliowaduwaza hakupata kuusikia. Mwaka 2006 ilitolewa tafsiri nyingine ya Kiingereza ya Macross, na Minmay alisemewa Kiingereza na Mari Iijima mwenyewe, huku nyimbo zikibaki za Kijapani. Hapo kila kitu kiliwekwa mahali pake.

Lakini haki yataka tuwasikilize na wa upande wa pili. Mwaka 1999 sehemu nyingine za Dragon Ball Z zilitolewa Marekani, na badala ya muziki wa Shunsuke Kikuchi ukawekwa wa Bruce Faulconer, wenye vinanda vya umeme na magitaa, usionyamaza ila mara chache. Watoto wengi waliujua huo tu. Leo ni watu wazima, nao huupenda kwa moyo. Kuwaambia kwamba mapenzi yao ni ya uongo ni ukatili, tena si kweli. Muziki ule una nguvu zake. Tena Hisaishi mwenyewe, alipoombwa na Disney, aliutunga upya muziki wa Castle in the Sky ya mwaka 1986. Uliokuwa wa muda wa saa moja hivi ukawa wa saa moja na nusu. Mimi naupenda ule mfupi, lakini siwezi kusema kwamba aliyeuongeza ni mwizi, maana shamba ni lake.

Basi tuhukumu kwa vipimo viwili. Sauti na ipimwe kwa neno hili: je, mtu yule yule angali anasema? Muziki na upimwe kwa lingine: je, ni mtunzi aliyeridhia, na je, msikilizaji amejulishwa? Waliotoa tena Dragon Ball Z katika diski za DVD kuanzia mwaka 2007 walimwezesha mtu kusikiliza Kiingereza pamoja na muziki wa Kikuchi, au pamoja na ule wa Marekani, au Kijapani kitupu. Hiyo ndiyo njia njema. Mtoto aliyepewa kazi iliyogeuzwa pasipo kuambiwa hakukosa furaha. Amekosa kumjua aliyemtungia. Naye mfasiri anyamazishaye sauti ya mtunzi mahali isipohitaji kufasiriwa amechukua sifa ya mwingine, au amemtwika mwingine lawama zake.