Biofloki ya Kisangani: tunahesabu sukari, tunasahau hewa

Ndugu zangu, kila juma nakuta kwenye simu tangazo la mafunzo ya biofloki: tangi la turubai, tilapia wengi, maji bila kubadilisha. Nimefuata kadhaa mpaka mwisho. Sisemi ni uongo. Ninachokataa ni kile kipimo cha kaboni kinachozunguka kutoka kundi moja la WhatsApp mpaka lingine, bila mtu kuuliza kilihesabiwa kwa chakula gani.

Hesabu yenyewe ni safi. Yoram Avnimelech, mtafiti wa Israeli, aliitoa mwaka 1999. Samaki anakula protini, na kama nusu ya nitrojeni yake inarudi majini kuwa amonia, ambayo ni sumu. Ukiwapa bakteria kaboni, wanaichukua ile nitrojeni kujenga miili yao, halafu tilapia anawala. Kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 30 ina gramu 48 za nitrojeni. Nusu yake ni 24, na kila gramu inadai gramu 20 za sukari au wanga. Jumla 480. Njo ile "nusu kilo ya melasi" tunayoimbiwa.

Sasa njoo Kisangani. Nani hapa analisha asilimia 30? Wafugaji wengi wanamwaga pumba za mchele na mashudu ya mawese, protini asilimia 12 mpaka 18 hivi. Kwenye chakula cha asilimia 30, kaboni ni kama mara 9 ya nitrojeni, na sukari inaongezwa ili ifike 15 au 20. Kwenye chakula cha asilimia 15, tayari tuko karibu na 19! Kweli, sehemu ya kaboni hiyo ni nyuzi ngumu, bakteria hawaimalizi haraka. Lakini ukiongeza nusu kilo ya sukari juu yake, umelipia kitu ambacho pengine kilikuwa tayari ndani ya gunia.

Wengine wanasema: basi tutumie unga wa muhogo, maana melasi iko mbali, kule viwanda vya sukari kama Kwilu-Ngongo. Sawa, inawezekana. Ila wanga unachelewa kuvunjika kuliko sukari, muhogo mchungu usiolowekwa vizuri una sianidi, na ule unga ni fufu ya watu. Hapo sina haja ya kuendelea.

Kinachoniudhi zaidi ni hewa. Bakteria wanabaki na kama asilimia 40 ya kaboni waliyokula. Inayobaki wanaichoma kwa oksijeni. Zile gramu 480 zinadai zaidi ya gramu 300 za oksijeni. Tangi la lita 1,000 za maji ya uvuguvugu, hata likijaa oksijeni kabisa, lina gramu 8 tu hivi. Njo maana pampu lazima ipige usiku na mchana. Mkufunzi mmoja aliitaja pampu chini ya "vifaa vingine", pamoja na ndoo na chandarua! Mto Tshopo una barrage yake hapa hapa mjini, lakini nani kati yetu hajui delestaji? Tangi lililojaa samaki na vijidudu halisubiri umeme urudi asubuhi, na asiye na makuta ya mafuta ya jenereta anaamka kuokota samaki.

Kwa mtu asiye na umeme wa uhakika, mimi naona bwawa la udongo, samaki wachache kwa kila meta, na pumba bila sukari, ni akili zaidi kuliko turubai. Na anayeng'ang'ania tangi apime kwanza oksijeni saa kumi na moja alfajiri, baada ya usiku bila umeme.

Wenzetu wa agronomia mnaotafuta kichwa cha memwari: chukueni pumba za soko letu, mpime zinaachia kaboni kwa kasi gani majini. Katika mafunzo yote niliyofuata, hakuna aliyekuwa na namba hiyo.