Tarehe Isiyo na Mfalme: Wahadzabe wa Yaeda Chini mbele ya Idara ya Historia

Tarehe za mwambao, ziwe za Kilwa au za Pate, zina desturi moja: huhesabu watawala. Fulani alimrithi fulani, akatawala miaka kadhaa, akafa, akatawala nduguye. Msomaji aliyelelewa na desturi hiyo hupata tabu akikutana na tarehe ya Wahadzabe wa Yaeda Chini, Mbulu, kwani ndani yake hamna mfalme hata mmoja. Tabu hiyo iliikuta pia, kwa namna yake, Idara ya Historia ya Dar es Salaam.

Terence Ranger alipofika mwaka 1963 kuwa profesa wa kwanza wa idara hiyo, kazi iliyokuwapo ilikuwa kubwa na ya haki: kuonyesha kwamba Mwafrika alikuwa na historia kabla ya Mzungu kuja kumwandikia. Masimulizi ya wazee yakapewa heshima ya ushahidi. Mwaka 1968 wanafunzi walikwenda vijijini kukusanya habari za Vita vya Maji Maji, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu A History of Tanzania, kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Ndani yake wawindaji wana mahali pao mwanzoni, katika sura ya John Sutton inayoeleza jinsi nchi ilivyokaliwa. Baada ya hapo uzi wa kitabu ni watawala, misafara, upinzani na harakati za uhuru.

Fikra za Walter Rodney na wenzake zikabadili swali. Badala ya dola, likaulizwa juu ya uzalishaji na unyonyaji. Lakini Mhadzabe hakuhama alipokuwa. Jana alikuwa sura ya kwanza. Sasa akawa mfano wa ujima, ngazi ya chini kabisa ambayo wengine wameshaipita. Mtu anayeishi leo akafanywa babu wa jirani yake.

Kumbe Wahadzabe wenyewe wana mgawo wao wa zama, ambao Daniel Ndagala na mwenzake Zengu waliuchapisha mwaka 1989. Zama ni nne. Walitangulia Akakaanebe, majitu yenye manyoya, wasio na moto wala silaha, waliokula nyama mbichi. Wakafuata Tlaatlanebe, wakubwa vilevile lakini bila manyoya, waliojua moto na kuishi mapangoni. Kisha Hamakwabe, wenye upinde na vyombo vya kupikia, waliokutana na wageni. Mwisho Hamaishonebe, watu wa siku hizi.

Tazama ustadi wa mpango huo. Mpaka wa zama si kifo cha mtawala wala ushindi wa vitani. Ni moto, ni pango, ni upinde, ni chungu. Hakuna shujaa, hakuna nasaba ya kujivunia. Wanaotajwa ni watu wote kwa pamoja, kama inavyofaa kwa jamii isiyomtii chifu.

Atasema mwanahistoria: majitu yenye manyoya si historia. Lakini idara ileile haikukwama katika swali la kama maji ya Kinjeketile yaligeuza risasi kuwa maji. Iliuliza watu waliyaonaje, na imani hiyo iliwaunganishaje. Kipimo alichopewa mganga wa Ngarambe hakina budi kupewa msimulizi wa Yaeda. Nalo jambo moja lisifichwe: zama hizo nne zimefika kitabuni kupitia mikono ya watafiti, na msimulizi huisimulia jana akiwa na macho ya leo. Hilo ni la kuhakikiwa, si la kutupiwa.

Jambo hili si mchezo wa wasomi. Anayehesabiwa kuwa hana historia huonekana pia kuwa hana makazi. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini ili walime. Wengi walikufa kwa maradhi, na wengi wa waliosalia wakarudi porini. Mwaka 2007 bonde lao lilikaribia kuwa uwanja wa uwindaji wa kampuni ya kigeni, mpaka kampuni ikajitoa baada ya malalamiko. Mwaka 2011 ndipo walipopata hati ya hakimiliki ya kimila kwa zaidi ya hekta 20,000.

Limebaki suala la lugha. Ngano zao zilizokusanywa na Ludwig Kohl-Larsen miaka ya 1930 zilichapishwa kwa Kijerumani. Zama nne ziliandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza pia kikatoka mwaka 2013 kitabu cha masimulizi yao, Hadzabe: By the Light of a Million Fires, ingawa mchapaji wake yuko Dar es Salaam. Hivyo kijana atokaye Yaeda Chini, akibahatika kufika chuoni, atasomeshwa habari za babu zake kwa lugha ya tatu, baada ya Kihadzabe chenye vidoko na Kiswahili cha shule. Zama nne zikipata tafsiri ya Kiswahili na kusomwa darasani sambamba na tarehe ya Kilwa, atakayefaidika si kijana huyo peke yake. Hata msomaji wa mwambao atajifunza kwamba kuhesabu wafalme ni njia moja tu ya kukumbuka.