Sumaku, leza na umeme: jinsi molekuli baridi zilivyotiwa adabu

Kiwanda cha kusafishia mafuta pale Changamwe, Mombasa, tangu kilipoanza kazi mwaka 1963 hadi kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, kiliziendesha molekuli kwa moto. Mafuta yalipashwa kupita nyuzi 300, yakapanda mnarani kama mvuke, kila aina ikageuka matone katika kimo chake. Kazi kubwa hiyo, lakini moto haubagui: huwezi kuuagiza molekuli hii ikutane na ile, tena zikiwa zimeelekeana hivi na si vile.

Maabara ya JILA, mjini Boulder, Marekani, ilishika njia ya pili. Mwaka 2008 kundi la Deborah Jin na Jun Ye lilitengeneza molekuli za potasiamu na rubidiamu katika baridi ya nanokelvini 350, yaani haijafika hata nusu ya sehemu moja ya milioni ya nyuzi moja juu ya sifuri kamili. Hawakupoza molekuli. Walipoza atomi kwanza, ndipo wakaziozesha: uga wa sumaku ulipopitishwa taratibu kwenye gausi 546 hivi, zaidi ya mara elfu ya uga wa dunia, atomi zilishikana mbilimbili kwa mshiko legevu mno.

Utamu uko hapa. Kuukaza mshiko ule kunatoa nishati inayolingana na joto la nyuzi 6,000 hivi, na baridi yote ingekwenda arijojo. Wakaleta leza mbili, tofauti ya masafa yake ikiwa sawasawa na nishati hiyo, nayo ikaondoka pamoja na mwanga.

Ukaja umeme. Molekuli hizi zina ncha chanya na ncha hasi, hivyo uga wa umeme huzielekeza. Ungedhani mambo yamenyooka. Wapi! Vipimo vya mwaka 2010 vilionyesha kwamba utengano wa ncha ukizidi maradufu, molekuli hupotea kwa kasi ya mara 64. Zikikutana kichwa kwa mkia huvutana, hubadilishana atomi, na mtego unaozishikilia unabaki mtupu.

Dawa iliyotolewa mwaka 2011, ambayo mimi naiona ya akili kuliko ile kazi ya 2008 iliyosifiwa zaidi, haikuwa kupunguza umeme. Gesi ilibanwa kwa leza ikawa matabaka membamba kama chapati zilizopangwa, uga ukasimama wima. Ndani ya tabaka, molekuli hukaribiana ubavu kwa ubavu, na ubavuni zinasukumana. Uga ule ule uliokuwa ukiziangamiza ukawa kinga.

Mwaka 2020 JILA walionyesha kwamba, karibu na kilovolti 12 kwa sentimita, kuusogeza uga kwa asilimia chache tu kunapandisha au kushusha kasi ya mmenyuko mara elfu moja. Wenzao wa Garching, Ujerumani, walipendelea kinga ya mikrowevu, na mwaka 2022 wakazifikisha molekuli za sodiamu na potasiamu kwenye nanokelvini 21. Zikiwa zimekingwa hivyo, zinagongana mara nyingi bila kupotea, na zile zenye mbio zaidi zinaachiwa zitoke mtegoni, zinazobaki zikizidi kupoa.