Kipaza Sauti Kipi? Maoni Juu ya Istilahi za Gitaa la Besi na Vyombo Vyake

Tuseme ofisi ya utamaduni ya manispaa imeidhinishiwa fedha za kununulia vyombo vya muziki vya kikundi cha vijana. Karani anaandika katika hati ya maombi: "Gitaa la sauti ya chini, moja, kikuza sauti, kimoja, vipaza sauti, vinne." Hati hii ni sanifu. Haina neno la mkopo wa kutoka Ulaya isipokuwa gitaa lenyewe, na sarufi yake haina dosari. Lakini mwenye duka wa Kariakoo akiipokea, anaweza kuleta maikrofoni nne akawa ametimiza mkataba. Anaweza kuleta spika nne akawa ametimiza vile vile. Na hakuna mkaguzi awezaye kumtia hatiani kwa lolote kati ya hayo mawili.

Nia ya makala haya ni kuyapima maneno hayo matatu, pamoja na mengine machache yanayoyazunguka, kwa kipimo ambacho aghalabu hakitumiki katika kurasa kama hizi: je, mpigaji wa gitaa la besi anaweza kuyatumia maneno hayo kuchagua chombo chake bila ya kupoteza fedha?

Kipimo hiki kina sababu ya kihistoria. Katika miaka ya 1960 hadi 1980 bendi nyingi kubwa za Dar es Salaam zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ya Kinondoni ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilichukuliwa baadaye na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC. Na majeshi nayo yalikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpigaji alivikuta, alivitumia, na alipohamia bendi nyingine aliviacha. Leo kijana wa Mwananyamala au wa Tandika, ambaye pengine amejifunzia besi kanisani, hununua gitaa lake kwa akiba yake mwenyewe, na mara nyingi hununua kitu kilichokwisha kutumika ng'ambo, chenye maandishi ya Kiingereza au ya Kijapani mgongoni. Huyu ndiye anayehitaji tafsiri, na tafsiri isiyo sahihi humgharimu yeye, si shirika.

Tuanze na kipaza sauti, kwa kuwa ndicho chenye matatizo makubwa zaidi. Bungeni, mheshimiwa akiambiwa awashe kipaza sauti, maana yake ni kile kidude kilicho mbele ya kinywa chake. Msikitini, tukisema adhana imesikika katika kipaza sauti, tunakusudia ile pembe iliyofungwa juu ya mnara. Shuleni, mwalimu mkuu akisema kipaza sauti kimeharibika, huenda anazungumzia seti nzima pamoja na nyaya zake. Watumiaji wote watatu wako sahihi kwa mujibu wa mazoea, na kila mmoja anaeleweka mahali pake. Tatizo hutokea vifaa vyote vitatu vinapokutana katika chumba kimoja, na jukwaa la muziki ndicho chumba hicho.

Maikrofoni hupokea sauti na kuigeuza kuwa umeme. Spika hupokea umeme na kuugeuza kuwa sauti. Kazi zao ni kinyume kabisa, moja iko mwanzo wa safari na nyingine mwisho wake. Kuvipa vifaa hivyo jina moja ni sawa na kumwita muuzaji na mnunuzi kwa jina moja, kisha kuandika hati ya mauziano.

Ilikuwaje tukafika hapa? Maoni yangu ni kwamba neno hili lilibuniwa kutoka upande wa msikilizaji. Kupaza sauti ni kitendo cha mtu: mnadi hupaza sauti sokoni, mwalimu hupaza sauti darasani. Aliyekaa uwanjani akamsikia kiongozi aliye mbali hakuhitaji kujua ni kidude gani kimefanya nini. Alichojua ni kwamba sauti imepazwa. Kwa huyo neno linatosha, na halina sababu ya kufutwa. Ninachokipinga ni kulipeleka neno la msikilizaji jukwaani na kumtaka mpigaji aridhike nalo, wakati mpigaji na fundi mitambo wake wameshakuwa na maneno yao, maiki na spika, wala hawajapata kuyachanganya hata mara moja.

Kuna wasomi watakaosema kwamba spika haifai kwa kuwa tunaye Spika wa Bunge. Hoja hii huchekesha kidogo, lakini sarufi inaijibu vizuri. Spika wa Bunge huwekwa katika ngeli ya watu, na spika ya muziki katika ngeli ya i-zi. "Spika amenyamaza" na "spika imenyamaza" ni habari mbili zisizoweza kuchanganywa hata na mtoto wa darasa la tatu. Kipaza sauti hakina kinga ya namna hiyo, kwa sababu maana zake zote zimo katika ngeli moja.

La pili ni "gitaa la sauti ya chini". Hapa mfasiri amedanganywa na lugha aliyokuwa anaifasiri. Kwa Mswahili, kusema kwa sauti ya chini ni kusema polepole ili jirani asisikie, na sauti ya juu ni ya kelele. Chini na juu, katika Kiswahili cha kila siku, hupima nguvu ya sauti. Kwa tofauti ile nyingine, yaani ya mzee na mtoto au ya ngoma kubwa na ngoma ndogo, tuna maneno mengine: sauti nene na sauti nyembamba, au sauti nzito na sauti nyororo. Kwa hiyo gitaa la sauti ya chini, kwa masikio ya mtu wa Temeke, ni gitaa lisilosikika. Na atakayewahi kusimama karibu na spika za besi katika ukumbi wa Chang'ombe atashangaa ni nani aliyelipa jina hilo.

Kosa hili si la jina la gitaa peke yake. Liko pia katika tafsiri za vitufe vya amplifaya, ambamo kitufe cha kuongeza uzito wa sauti na kitufe cha kuongeza nguvu yake hukaa kando kwa kando. Mfasiri akiandika "sauti ya chini" kwa kile cha kwanza, mtumiaji atakizungusha akitarajia kelele ipungue, na itaongezeka. Napendekeza walimu wa muziki na wafasiri wote washike kanuni moja: nene na nyembamba kwa kimo cha sauti, kubwa na ndogo kwa nguvu yake, na chini na juu tuyaache yaendelee na kazi yake ya zamani.

Jina la gitaa lenyewe limekwisha kupatikana bila ya msaada wetu. Ni gitaa la besi. Neno besi limo pia katika kwaya, pamoja na soprano, alto na teno. Wazee waliolikopa walikuwa na busara ya kufuata matamshi badala ya tahajia. Wangelifuata tahajia tungekuwa na gitaa la basi, na mazungumzo yangeishia hapo. Angalizo moja tu: Unguja, katika vikundi vya taarabu kama Culture Musical Club, kuna besi kubwa la mbao linalosimamishwa sakafuni. Basi katika maandishi rasmi neno "besi" pekee halitoshi. Iandikwe "gitaa la besi" kwa lile la umeme, ambalo Leo Fender wa Marekani alilitoa madukani mwaka 1951, na "besi la kusimama" kwa lile la mbao.

La tatu ni kikuza sauti. Neno hili ni zuri kwa umbo, lakini linasema uongo mdogo. Amplifaya haikuzi sauti. Hukuza umeme, na sauti huzaliwa baadaye ndani ya spika. Mtu anaweza kuuliza kama uongo huo una madhara. Unayo. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba chombo hiki hukuza sauti husoma wati 200 akaamini kwamba atapata sauti mara mbili ya ile ya wati 100. Kwa hakika, kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haliistaajabii. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, huhitajika wati zipatazo mara kumi. Fedha zilizotumika kununulia wati 100 za ziada pengine zingefaa zaidi katika spika. Isitoshe, mtu asiyejua mambo haya akilisikia neno kikuza sauti hufikiria kwanza kile kitufe cha kuongezea sauti katika redio. Amplifaya ni neno refu, lakini halimdanganyi mtu.

Spika za besi zinastahili kutajwa kwa jina lao kamili, na hapa ndipo karani huweza kumtia mpigaji hasara kubwa kuliko zote. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde; ule wa gitaa la solo hutetemeka mara 82. Kadiri mtetemo unavyokuwa wa polepole, ndivyo karatasi ya spika inavyolazimika kwenda mbele na nyuma kwa umbali mkubwa zaidi. Spika iliyotengenezwa kwa gitaa la solo, ikipelekewa besi kwa nguvu, huanza kukwaruza, kisha hupasuka. Katika hati zetu zote mbili huitwa "kipaza sauti cha gitaa".

Yapo pia maneno ambayo hayajafasiriwa bado, na ni heri tuyawahi. Zile sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba, zilizo chini ya nyuzi, wapigaji huziita pikapu. Mfasiri atashawishika kuandika "kinasa sauti", nalo ni kosa, kwanza kwa kuwa kinasa sauti ni chombo cha kurekodia, na pili kwa kuwa kifaa hiki hakinasi sauti yoyote. Huhisi mwendo wa chuma, ndiyo maana gitaa lenye nyuzi za nailoni halitoi kitu kwa pikapu hiyo. "Sumaku ya gitaa" ingetosha, na ingeuacha upande wa magari na pikapu yake.

Kadhalika kuna magitaa yenye betri ya volti 9 ndani yake, na mengine yasiyo nayo. Kwa Kiingereza tofauti hiyo huelezwa kwa maneno yale yale yanayotumika katika kauli za vitenzi. Mfasiri mwenye kamusi mkononi na asiye na gitaa atatuletea "gitaa tendi" na "gitaa tendwa", na walimu wa sarufi watalia. Iandikwe "gitaa la betri" na "gitaa lisilo la betri". Mnunuzi atajua mara moja kwamba la kwanza, betri ikifa katikati ya onyesho, nalo hunyamaza.

Sidai kwamba kila neno la mpigaji lisanifiwe. Wapigaji nao wana yao: jeki ya gitaa na jeki ya gari hukaa katika ngeli moja, na neno "waya" kwao ni kila kitu kirefu, hata uzi wa gitaa, ilhali waya wa gitaa na waya wa spika si kitu kimoja, na wa kwanza ukitumika mahali pa wa pili huweza kupata moto. Hapo Kamati ya Kusanifu Lugha ina kazi ya kufanya. Lakini kwa vifaa vitatu vikuu kazi imeshafanywa Kinondoni na Temeke, na inangoja kuandikwa tu.

Hati ya karani wetu, basi, ingesomeka hivi: "Gitaa la besi la nyuzi nne, lisilo la betri, moja. Amplifaya ya besi ya wati 300 kwa omu 4, ya umeme wa volti 230, moja. Maboksi ya spika za besi, kila boksi omu 8, mawili. Waya wa gitaa, mmoja. Nyaya za spika, mbili. Maikrofoni za waimbaji, nne, pamoja na vishikio vyake." Volti zitajwe kila mara, kwa sababu chombo cha Marekani cha volti 120 hakiwezi kuchomekwa moja kwa moja katika umeme wetu bila ya transfoma, na omu zitajwe, kwa sababu maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4, na karani akiongeza la tatu kwa wema wake ataiunguza amplifaya.