"Marahaba, Bosi": Maamkizi na Mamlaka katika Maduara ya Geita

Wahakiki wanaoliona neno "shikamoo" kuwa salio la utumwa, kwa sababu ya asili yake ya kushika miguu, wangefika kwenye maduara ya Geita. Huko si ajabu mwenye duara kijana, anayegharimia chakula na vifaa, kumwamkia mchimbaji mwenye mvi, "Shikamoo, mzee," akajibiwa, "Marahaba, bosi." Anayeshika miguu ndiye anayegawa mifuko ya mawe! Amkio limefuata umri. Mamlaka yamejificha katika itikio, ndani ya neno la mkopo lisilojali mvi. Na unyenyekevu wa kijana haumpunguzii hata mfuko mmoja. Uhakiki unaokomea kwenye etimolojia humshtaki asiyehusika, huku "bosi" likipita bila kuulizwa.