Lumbesa ya Mlima

Kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, kilitoka London mwaka 1938. Kilipoletwa kwa Kiswahili miaka ya sitini kikapewa jina Naushangilia Mlima wa Kenya. Hebu angalia hicho kitenzi. Kwa Kiingereza mtu ameugeuzia mlima uso, basi. Pengine anaomba, pengine anangoja mvua, pengine anashangaa tu. Kwa Kiswahili tayari anapiga makofi.

Hilo jina limenikaa kichwani tangu Oktoba 2024. Mwezi huo nililipwa kuandika makala kuhusu hasira za Mlima. Niliandika maneno elfu moja kwa siku mbili, nikalipwa, nikalipa nyumba. Sikumpigia simu mtu hata mmoja kule nyumbani.

Nyumbani ni Kibirichia, eneo bunge la Buuri, kaunti ya Meru. Ni mahali pa baridi na waru, upande wa kaskazini wa mlima wenyewe. Ukitoka nje asubuhi kwa shosho, kilele kiko kusini-magharibi, na mara nyingi kiko nyuma yako, kwa sababu watu wa huko huangalia chini, kule tambarare za Isiolo, kule joto linaanza na ng'ombe na ngamia wa Waborana, Wasomali na Waturkana. Kenyatta alikuwa mtu wa Gatundu. Kwake mlima uko kaskazini, mbele ya macho. Kwetu uko mgongoni, na hata jina si lile: sisi tunauita Kirimaara. Kitabu chake kilikuwa cha Wagikuyu na hakikudai kuwa cha mwingine, kwa hivyo sina kesi na yeye. Kesi yangu ni na sisi tuliokuja baadaye, tukachukua ule mlima wa mtu mmoja na kuugeuza kuwa mtu mmoja.

Soma habari zetu uone sarufi inavyofanya kazi. Mlima umenuna. Mlima umesema. Mlima umepewa nini. Hicho kiambishi cha mwanzo, "u", kinabeba watu wangapi? Hesabu ya 2019 ilipata watu 1,545,714 Meru, 608,599 Embu na 393,177 Tharaka Nithi. Hao ni wa upande wa mashariki pekee, zaidi ya milioni mbili na nusu, kabla hujafika Nyeri, Murang'a ama Kirinyaga. Wote wananuna pamoja, siku moja, kwa herufi moja.

Kwa mtu wa Kibirichia hii si ajabu. Tunajua kitu kama hicho. Kinaitwa lumbesa.

Kama ulikulia mjini huenda umeiona Marikiti na hukujua jina. Sheria inasema mfuko wa waru usizidi kilo 50. Broka anakuja na mfuko mkubwa, anaujaza mpaka mdomoni, halafu anashonea wavu juu, anaendelea kujaza mpaka mfuko unatoa kilima cha pili juu ya ule wa kwanza. Kile kilima ni waru za mkulima, za shamba lilelile, zimechimbwa na mgongo uleule. Lakini bei ni ya mfuko. Kilichoko juu ya mshono hakihesabiwi, kinaenda bure. Mkulima anajua. Anaona kwa macho yake. Lakini lori limewasha injini, Shangi haikai wiki nyingi bila kuanza kuchipuka, na jirani tayari ameuza.

Sasa fikiria GEMA. Wagikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa kwa mfuko mmoja mwaka 1971, wakati wa Kenyatta, na Moi akaufunga mwaka 1980 alipopiga marufuku vyama vya makabila. Mfuko ulikufa kwa karatasi tu. Kila uchaguzi unashonwa tena, na kila mara sisi ndio tuko kwa wavu: tunaongeza uzito, na bei inaandikwa kwa waliokaa chini ya mshono. Nasema hivyo nikijua kuna mkulima wa Nyandarua atakayecheka akisoma, kwa sababu yeye yuko ndani ya mfuko kabisa na bado hajaona hiyo bei. Ni kweli. Anayekula lumbesa ni broka.

Ndiyo maana ile lugha ya hisa ilinikera kuliko matusi yote ya siasa ya miaka hii. Mwaka 2023 Rigathi Gachagua, akiwa Naibu wa Rais, alifananisha serikali na kampuni yenye wenye hisa: waliowekeza kura wale kwanza. Watu wengi waliichambua kama ukabila, na ilifika hadi kwa mashtaka ya kumwondoa. Sawa. Lakini kama maandishi, kama sitiari, mbovu yake iko mahali pengine. Mwenye hisa ana cheti. Anaweza kuuza. Anaweza kwenda kwa mkutano wa mwaka auliza pesa zilienda wapi. Mtu wa Kibirichia aliamka saa kumi usiku tarehe 9 Agosti 2022, akapiga foleni kwa baridi, akapewa wino kwa kidole. Hicho ndicho cheti alichopata, na kilifutika kabla ya msimu mwingine wa kupanda.

Kitu ninachotaka wasomaji wa mjini wajue, kwa sababu makala kama ile yangu hayakuwaambia, ni kile watu wa Meru walifanya na zile karatasi sita siku hiyo. Kwa urais, wengi walienda na upepo wa Ruto. Kwa ugavana, wakakataa chama cha rais na pia chama cha gavana aliyekuwepo, wakamchagua Kawira Mwangaza, mgombea huru, mbele ya Mithika Linturi na Kiraitu Murungi. Mkono mmoja, kibanda kimoja, dakika tatu. Wale waliosema "pigeni suti kamili, chama kimoja juu mpaka chini" hawakusikizwa. Na haikuwa ajali: mwaka 2013 Buuri yetu ilimpeleka bungeni Kinoti Gatobu, kijana wa miaka ishirini na kitu, bila chama pia. Mwaka 2017 Kawira huyohuyo alichaguliwa mwakilishi wa wanawake akiwa huru. Kuna mtindo hapo wa kusoma, mtindo wa mpiga kura anayetenganisha sentensi ya Nairobi na sentensi ya nyumbani. Hiyo ndiyo hadithi. Lakini haina rangi kwa ramani ya runinga, kwa hivyo ilipita.

Hata wazee wa siasa wa Meru walijaribu kuwa na gari lao. Basi la Kiraitu: mwaka 2013, chini ya APK, lilimbeba yeye hadi Seneti na Peter Munya hadi ugavana. Mwaka 2016 likaingizwa kwa gereji ya Jubilee na likakatwa vipuri. Kabla ya 2022 likapakwa rangi upya, jina DEP, nembo ileile ya basi, likaegeshwa Azimio. Mimi napenda hii hadithi ya basi kuliko riwaya nyingi za siasa nilizosoma, kwa sababu dereva ni mmoja na abiria wanaendelea kupanda wakiambiwa safari hii ni ya moja kwa moja.

Na Kawira? Sina nia ya kumtetea, mashtaka yalikuwa marefu na mengine yalihitaji majibu. Lakini angalia muundo. Madiwani walimwondoa mara tatu. Seneti ikamrudisha mara mbili, ya tatu, Agosti 2024, ikakubali. Machi 2025 Mahakama Kuu ikakataa ombi lake na naibu wake akaapishwa. Mpiga kura aliyekataa mfuko wa chama aliambiwa na watu wa vyama kwamba uamuzi wake una kasoro. Pale kwa hoteli karibu na stage ya Kibirichia, nilisikia mzee akisema, bila hasira yoyote, kwamba mtu asiye na chama ni kama waru zisizo na mfuko: ni zako, lakini utazibeba na nini?

Sasa turudi Oktoba 2024, nilipokuwa nikiandika ile makala.

Mjomba wangu na jirani yake wamegawana pampu ya kupulizia dawa kwa miaka mingi. Jirani ni mtu ambaye babu zake walitoka Nyeri. Anaongea Kimeru kuniliko mimi. Agosti 2022 walienda kupiga kura pamoja, kwa bodaboda moja, na kwa urais walichagua tiketi moja: Ruto na Gachagua. Tarehe 17 Oktoba 2024 Seneti ikamtoa Gachagua. Tarehe 1 Novemba Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi akaapishwa. Jirani akasema wametutolea mtu wetu. Mjomba akasema sasa mtu wetu ameingia. Neno ni lilelile, "wetu", na mpaka siku hiyo lilikuwa na maana moja kwa hao wawili. Pampu ikarudishwa kwa mwenyewe, na maneno juu. Sasa waru zikikosa dawa msimu wa mvua majani yanaungua, na ule ugonjwa hauulizi ua liko wapi. Mmoja alipulizia Jumatatu, mwingine akangoja kukodi pampu hadi Ijumaa. Unaweza kukisia yaliyobaki.

Hakuna kati yao aliyewahi kumsalimia Gachagua wala Kindiki kwa mkono.

Papo hapo sisi waandishi tukaleta mfuko mpya: Mlima Mashariki. Ulinifurahisha kwa siku kama tatu. Hatimaye wametuona! Halafu nikakumbuka kwamba Tharaka Nithi ilikatwa kutoka Meru mwaka 1992 na watu wakashangilia kuondoka, kwamba Imenti na Nyambene wana hesabu zao za nani alikula lini, kwamba Mbeere walipata wilaya yao mwaka 1996 baada ya kulalamika miaka mingi chini ya Embu. Wote hao sasa wanapakiwa tena na kushonewa wavu.

Mbeere Kaskazini ndiyo ilinimaliza. Uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba 2025, baada ya Geoffrey Ruku kwenda kuwa waziri. Leonard Muthende wa UDA alimshinda Newton Karish wa DP kwa tofauti ya kura chini ya 500. Zaidi ya kura elfu thelathini, na eneo limegawanyika karibu nusu kwa nusu. Nilisoma kila kitu nilichopata. Karibu kote ilikuwa ni Kindiki dhidi ya Gachagua, nani ameshika Mlima, nani ameaibika. Hao wawili hawakuwa kwa karatasi ya kura. Mbeere ni nchi ya ukame, ya muguka na ndengu, ya kesi za ardhi zisizoisha, na katika makala kumi niliyosoma sikupata mwanakijiji aliyeruhusiwa kumaliza sentensi mbili. Alipewa moja, na ilikuwa kuhusu Kindiki ama Gachagua, kwa sababu hilo ndilo aliloulizwa.

Na sisi wa hadithi fupi tusijione tuko juu ya wale wa magazeti. Mmeru katika hadithi za kizazi chetu anatafuna miraa na ana hasira za karibu. Basi. Nimehesabu watatu mwaka jana, wote wanachomoa panga kabla ya ukurasa wa nne. Kibirichia miraa haimei, baridi haitaki. Watu wa huko wana hasira kama watu wa Kakamega ama wa Lamu, yaani wengine wanazo. Huo pia ni mfuko, na umeshonwa na watu waliosoma, wengine wao walimaliza chuo, tofauti na mimi.

Nilimpigia mjomba wiki iliyopita, mwaka mzima na zaidi nimechelewa. Nikamwambia ninaandika tena kuhusu siasa ya huko. Akauliza kama ile ya kwanza niliweka bei ya waru. Nikasema hapana.

"Na wewe kura yako iko wapi?"

"Roysambu, mjomba."

"Basi si uandike ya Roysambu."

Nikanyamaza. Nyuma yake nilisikia mtu akiongea, sauti ninayoijua, ikiuliza ile pampu imewekwa wapi. Mjomba akamjibu kwa Kimeru, akarudi kwa simu, akaniuliza waru zinaenda pesa ngapi Marikiti sahii. Nikamwambia nitaamka asubuhi niende niulize mwenyewe.

"Niulize mfuko wa hamsini ama lumbesa?"

Akacheka. "Kwani kuna mwingine?"