Kufuatilia Madondoo ya Biblia katika Mahubiri ya Kiingereza ya Karne ya 16 na ya 17

Mhakiki anayefuatilia madondoo ya Biblia katika mahubiri ya kale ya Kiingereza hana budi kuanza na swali moja: mhubiri alitumia Biblia ipi? Swali hilo likirukwa, kazi yote hupotoka. Ni rahisi kushika tafsiri ya Mfalme James ya mwaka 1611, kuilinganisha na maneno ya mhubiri, kisha kuandika kila penye tofauti kwamba mhubiri alikosea au alisahau. Hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Tafsiri zilikuwa nyingi. Biblia ya Geneva ilitolewa mwaka 1560 na Waingereza waliokimbia utawala wa Malkia Mary. Ndiyo Biblia nzima ya kwanza ya Kiingereza kuwa na aya zenye nambari. Mwaka 1568 ilifuata Biblia ya Maaskofu. Zaburi za Kitabu cha Sala zilitoka katika Biblia Kuu ya 1539, wala hazikubadilishwa kitabu hicho kiliporekebishwa mwaka 1662. Tena, wahubiri wasomi waliizoea Vulgata ya Kilatini, ambamo Zaburi ya 23 huhesabiwa kuwa ya 22. Kwa hiyo hata nambari isiyolingana yaweza kuonyesha chanzo cha dondoo badala ya kuwa kosa.

Mfano ulio wazi ni Lancelot Andrewes (1555–1626). Yeye aliongoza kundi lililotafsiri vitabu vya Mwanzo hadi Wafalme wa Pili kwa ajili ya toleo la 1611. Hata hivyo, katika mahubiri yake, ambayo 96 kati yake yalichapishwa pamoja mwaka 1629, mara nyingi hufuata Biblia ya Geneva au hutaja Kilatini kwanza. Hata Miles Smith, aliyeandika dibaji ya toleo hilo la 1611, alidondoa humo maneno ya Geneva. Ni dhahiri kwamba Biblia ya Mfalme haikutawala masikio ya Waingereza tangu siku ilipozaliwa.

Uchunguzi huu si wa kuhesabu maneno tu, kwa maana neno moja liliweza kubeba ugomvi wa makanisa. Katika Mathayo 3:2, Agano Jipya la Rheims la 1582, lililotafsiriwa na Wakatoliki kutoka Vulgata, huagiza watu wafanye kitubio. Tafsiri za Kiprotestanti huwaagiza watubu. Mhubiri aliyechagua neno moja kati ya hayo alijulisha wasikilizaji upande wake.

Hata hivyo, mfanano nao una mitego yake. Watafsiri walijengea juu ya kazi ya William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya mwaka 1526. Kwa hiyo maneno yanayopatikana katika tafsiri zote hayathibitishi chanzo chochote. Ushahidi hupatikana pale tafsiri zinapoachana, na hata hapo haifai kusahau kwamba mhubiri kama John Donne aliweza kujitafsiria mwenyewe kutoka Kilatini. Kompyuta hurahisisha utafutaji, lakini ikipewa tafsiri moja tu hurudia kosa lile lile kwa kasi zaidi. Mwanafunzi na aweke tafsiri zote mezani, Vulgata ikiwamo, kabla ya kumhukumu mhubiri asiyeweza tena kujitetea.